Rufaa ya Kifundo cha Mguu Huanzia Kwenye Barua ya VA

Ndugu mwenyekiti, ndugu maveterani, na nyinyi wake, waume na wazazi mliowasindikiza, asanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu. Tumeombwa tuzungumzie kifundo cha mguu, na huenda wapo wanaoona hilo ni jambo dogo likiwekwa kando ya mgongo au athari za vita kichwani. Si dogo. Askari aliyeshuka milima na mzigo mgongoni, aliyeruka kwa parachuti, aliyeteguka mguu kwenye mbio za alfajiri akafungwa bendeji na kurudi mstarini, ndiye huyo ambaye miaka kumi baadaye hashuki ngazi asubuhi bila kushika ukuta. Dai lake la fidia kwa VA, yaani Idara ya Maveterani ya Marekani, hukataliwa kwa sentensi mbili, au hupewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 0, au hupewa 10 pale alipostahili 20.

Rufaa haishindi kwa kurudia, kwa sauti ya juu zaidi, kwamba mguu unauma. VA wameshasikia kwamba unauma. Rufaa hushinda unapoonyesha mahali hasa uamuzi ulipokosea, na mahali hapo pameandikwa kwenye barua iliyoko nyumbani kwako. Mara nyingi ni kurasa za ndani, ambazo hazikusomwa kwa sababu hasira ilishapanda kwenye ukurasa wa kwanza.

Basi tuifungue barua. Dai la fidia linasimama juu ya mambo matatu: una jeraha au ugonjwa sasa hivi, kuna jambo lilitokea ukiwa jeshini, na hiki cha leo kinatokana na kile cha jeshini. Likikosekana moja, dai linaanguka. Sheria inawalazimu VA waeleze lipi limekosekana, ushahidi gani wameupitia, kanuni gani wametumia, na mambo gani wamekubaliana nawe. Hayo waliyoyakubali yana kichwa chake ndani ya barua, na watu huyaruka. Msiyaruke. VA wakishaandika kwamba wamekubali uliteguka kifundo cha kulia ukiwa kazini mwaka 2011, anayepitia faili baadaye hawezi kulikana mpaka aonyeshe kosa lililo wazi kabisa. Huna sababu ya kulihangaikia tena. Hangaikia lile waliloligomea.

Wakigomea jambo la kwanza, barua itasema huna ugonjwa wowote unaotambulika, na aghalabu watategemea eksirei iliyotoka safi. Eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi ligamenti, zile nyuzi ngumu zinazoshika mfupa kwa mfupa, na kuteguka kifundo ni habari ya ligamenti kuliko mfupa, hasa zile za upande wa nje. Mtu anaweza kuwa na ligamenti iliyolegea kiasi kwamba mguu unapinduka akikanyaga kokoto, na eksirei ikasema kila kitu ni sawa. Dawa yake ni kipimo cha MRI, au daktari wa mifupa avute kifundo kwa mikono yake na kuandika kimelegea kiasi gani ukilinganisha na cha pili. Tena, tangu hukumu ya Saunders dhidi ya Wilkie ya 2018, maumivu yanayopunguza uwezo wa mwili kufanya kazi yanaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu hata kama daktari hajayapa jina. Barua inayosema "ni maumivu tu, hakuna utambuzi wa ugonjwa" na kuishia hapo ina tundu, na tundu hilo ndilo la kuandikia rufaa.

Wakigomea jambo la tatu, mtaona maneno yanayofanana sana kutoka barua hadi barua: jeraha la jeshini lilikuwa la muda, lilipona, na hakuna rekodi ya matibabu kati ya kuondoka jeshini na leo. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu tulifundishwa kukaza buti. Nani alikwenda zahanati ya kikosi mara ya tatu kwa mguu ule ule, akajulikana kama mvivu, akaachwa wenzake wanapotumwa ng'ambo? Ukimya wa rekodi una maelezo yake, na mahakama zimeshasema, katika Buchanan dhidi ya Nicholson ya 2006, kwamba kukosekana kwa karatasi za hospitali za wakati ule peke yake si sababu ya kutupa ushuhuda wa mtu. Lakini ushuhuda huo lazima uwepo kwenye faili. Hautajiandika.

Ushuhuda mzuri ni mfupi na una mambo yanayoonekana. Mke anayejaza fomu ya ushuhuda, 21-10210, akaandika "mume wangu anateseka sana na mguu" amefanya wema, ila hajasaidia. Aandike hivi: tulioana 2014, miaka miwili baada ya yeye kutoka jeshini, tangu hapo hutanguliza mguu wa kushoto kwenye kila ngazi, kila wiki mara moja au mbili kifundo cha kulia huvimba hadi kiatu hakiingii, siku hizo hatembei kutoka chumbani hadi jikoni bila kushika kitu, aliacha mpira wa Jumapili. Mwenzako wa kikosi naye aeleze alichokiona: nilikuwepo alipodondoka kwenye handaki, nilimwona akitembea na magongo, alisamehewa mbio. Ndugu aliyeko Eldoret au Mwanza akiandika kwa Kiswahili, ambatisha tafsiri ya Kiingereza ili faili lisisimame likisubiri mkalimani.

Halafu mtafute kile ambacho jeshi lenyewe liliandika. Karatasi za kusamehewa mazoezi, ambazo kwa Jeshi la Nchi Kavu ni fomu DA 3349, zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Fomu DD 2807-1 uliyojaza kuhusu historia ya afya yako ulipokuwa unatoka, je, uliweka alama kwenye kisanduku cha matatizo ya miguu? Hata DD-214, karatasi ya kuondokea jeshini, ni ushahidi: beji ya parachuti inathibitisha kwamba uliruka, na sheria inawataka VA watazame mazingira halisi ya kazi yako. Fundi wa magari aliyeruka kutoka migongo ya malori miaka sita hahitaji tukio moja la kutisha ili kifundo chake kichakae.

Kinachofunga pengo hasa ni barua ya daktari. Aseme amesoma rekodi zako za jeshini na za baadaye. Aseme kwa maoni yake uwezekano kwamba tatizo la leo linatokana na jeraha lile ni asilimia 50 au zaidi. Hicho ndicho kipimo, kwa sababu sheria inasema ushahidi ukilingana pande zote mbili, veterani ndiye anayepewa. Kisha aeleze kwa nini, na hii ndiyo sehemu inayosahaulika. Hitimisho lisilo na sababu halina uzito. Aeleze kwamba ligamenti iliyochanika na isiyotibiwa huacha kifundo kikicheza, kwamba kucheza huko husaga gegedu, na kwamba hivyo ndivyo baridi yabisi inavyoingia kwenye kiungo kilichoumia. Mistari minane yenye sababu inashinda kurasa tatu za sifa za daktari. Neno "huenda", au "inawezekana", huiua barua nzima.

Sasa tuje kwa waliokubaliwa lakini wakapewa kidogo. Hapa mambo ni hesabu, na tutakaa kidogo.

Kifundo kizima hupandisha wayo kuelekea ugoko nyuzi 20, na kuushusha nyuzi 45. Kwenye ripoti ya uchunguzi wa kitabibu ambao VA huagiza mtayaona kama dozifleksheni na plantafleksheni. Kanuni inayotumika zaidi ni namba 5271, na tangu tarehe 7 Februari 2021 imewekewa namba zilizo wazi. Kabla ya hapo ilisema tu "wastani" na "kubwa", na kila mwamuzi akapima kwa jicho lake. Leo, ukishindwa kufikisha nyuzi 15 kupandisha, au 30 kushusha, ni asilimia 10. Ukishindwa kufikisha nyuzi 5 kupandisha, au 10 kushusha, ni asilimia 20, na 20 ndiyo mwisho wa kanuni hiyo. Kwenda 30 au 40 kunahitaji kiungo kilichoganda kabisa, ambacho kiko chini ya namba 5270, au mfupa wa ugoko uliounga vibaya ukaharibu kifundo, chini ya 5262. Kifundo cha bandia kina kanuni yake, 5056: asilimia 100 kwa mwaka mmoja baada ya upasuaji, kisha haishuki chini ya 20.

Neno ni "au", si "na". Tazameni vizuri barua ikisema "kushusha ni nyuzi 40, kwa hiyo hakuna upungufu". Kama kupandisha ni nyuzi 12, asilimia 10 imeshapatikana. Na hata nyuzi zikiwa kamili, kiungo chenye maumivu yaliyoandikwa kwenye ripoti kinastahili angalau kiwango cha chini cha kulipwa, ambacho kwa kifundo ni 10. Hiyo ni kanuni ya 4.59. Kwa hiyo asilimia 0 iliyokaa pamoja na ripoti inayosema "maumivu wakati wa kusogeza" ni kosa la kanuni, na ni katika makosa mepesi kuyarekebisha.

Tuchukue ripoti moja ya mfano tuisome pamoja. Kupandisha nyuzi 0 hadi 10. Kushusha 0 hadi 35. Maumivu yapo. Baada ya kurudia mara tatu, hakuna badiliko. Kwenye swali la siku ambazo mguu unachachamaa, veterani amesema ni mara mbili kwa wiki na siku hizo wayo haupandi kabisa. Mchunguzi akajibu kwamba hawezi kukadiria upungufu wa siku hizo bila kubahatisha, kwa kuwa hakuuona mguu ukiwa katika hali hiyo. VA wakatoa 10.

Kwa nyuzi za siku ile, 10 ni sahihi, na kulia kwamba ni kidogo hakutabadili kitu. Kosa liko kwenye jibu la mwisho. Hukumu ya Sharp dhidi ya Shulkin ya 2017 inamtaka mchunguzi aulize mara ngapi, muda gani, ukali gani, na kazi gani zinashindikana, kisha akadirie kwa kutumia maelezo hayo. Kutokuuona mguu ukiwa umevimba si udhuru. Kwenye ripoti hiyo hiyo tazameni kama kifundo kilipimwa ukijisogeza mwenyewe na ukisogezwa, ukiwa umekisimamia na ukiwa umekipumzisha, na kama mguu wa pili ulipimwa kwa kulinganisha. Hayo yanatoka Correia dhidi ya McDonald ya 2016. Tazameni pia kama goniometa ilitumika, ile rula ya mikono miwili ya kupimia pembe. Kanuni za VA zenyewe zinaiita kitu kisichoepukika. Mchunguzi akikukadiria kwa macho, andika maelezo siku hiyo hiyo na uyatume.

Tahadhari moja: ukishinda kwa hoja hizi, kwa kawaida unachopata ni uchunguzi mpya, si 20 ya papo hapo. Nenda kwenye huo uchunguzi mpya ukiwa tayari. Sisi hata tukiwa hoi hujibu salamu kwamba hatujambo, na mchunguzi huandika kwamba veterani anaendelea vizuri. Ukipandisha wayo, simama pale maumivu yanapoanza na useme "hapa". Usikaze meno ufike mwisho kumridhisha. Usizidishe pia, kwa kuwa wanakutazama ukitembea kutoka kwenye gari. Na usikose siku hiyo: asiyefika bila sababu nzuri, dai lake la kuongezewa asilimia hukataliwa moja kwa moja.

Ripoti hii hamtatumiwa bila kuiomba. Iombeni kwa fomu 20-10206. Kukata rufaa bila kuisoma ni kazi bure.

Njia za rufaa ni tatu tangu sheria mpya ilipoanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, na mwaka mmoja wa kukata rufaa huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoko juu ya barua, si siku uliyoifungua. Barua ya tarehe 10 Machi 2025 ina mwisho tarehe 10 Machi 2026. Ndani ya mwaka huo unalinda tarehe yako ya mwanzo, na tarehe hiyo ndiyo fedha. Kwa viwango vya 2025, asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi na 20 ilikuwa dola 346.95. Tofauti ilikuwa dola 171.44 kila mwezi, bila kodi, kurudi nyuma hadi ulipodai. Mwaka ukipita, bado unaweza kuleta dai la nyongeza, ila miezi ya nyuma umeiacha mezani.

Njia ya kwanza ni dai la nyongeza, fomu 20-0995. Inataka ushahidi mpya wenye uhusiano na kile kilichokosekana. Barua ya daktari, MRI, ushuhuda wa mwenzako: vyote vinaingia hapa. Ya pili ni mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996. Hapa afisa mwandamizi husoma faili lile lile upya, na hakuna karatasi mpya inayoruhusiwa. Unaweza kuomba mazungumzo ya simu mara moja ili umwonyeshe makosa. Yaombeni, na zungumzeni mkiwa na ukurasa na mstari mkononi. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, ambako hakimu ndiye anayeamua. Huko mnachagua mapitio ya moja kwa moja, au kuongeza ushahidi ndani ya siku 90, au kusikilizwa.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuchagua njia kwa sababu jirani aliishinda. Kama ripoti ya mfano wetu ndiyo yako, na kosa liko tayari ndani ya faili, mapitio ya ngazi ya juu yanatosha. Lengo la VA ni wastani wa siku 125. Kama kinachokosekana ni barua ya daktari, mapitio hayo ni kupoteza miezi, kwa kuwa barua hiyo haitafunguliwa. Bodi msiikimbilie mapema kama kesi si ngumu: hata kwa mapitio ya moja kwa moja lengo lao ni siku 365, na foleni ya kusikilizwa ni ndefu zaidi. Huruhusiwi mapitio ya ngazi ya juu mara mbili mfululizo kwa jambo lile lile, ila unaweza kuhamia njia nyingine ndani ya mwaka wa kila uamuzi, na tarehe yako inabaki hai. Baada ya Bodi kuna Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani, na huko muda si mwaka tena. Ni siku 120.

Msisahau kile kinachopanda kutoka kwenye kifundo. Anayechechemea miaka kumi humaliza goti, nyonga na kiuno. Hayo hudaiwa kama madhara ya pili, na daktari anatakiwa aseme kifundo kiliyasababisha au kiliyazidisha. VA hujibu lile la kusababisha na kuliruka la kuzidisha, nalo ni kosa la kuandikia rufaa. Kovu la upasuaji lenye maumivu lina asilimia 10 yake. Ukifanyiwa upasuaji unaohitaji mwezi mmoja au zaidi wa kupona, dai asilimia 100 ya muda. Ila mjue dari: ulemavu wote wa mguu mmoja chini ya goti, ukijumlishwa, hauvuki 40.

Vifundo vyote viwili vikiumwa kuna nyongeza ambayo VA huisahau mara kwa mara. Chukua 20 kulia na 20 kushoto. Kwa jedwali lao la kuunganisha asilimia hiyo ni 36, si 40. Kwa kuwa ni pande mbili, huongezwa sehemu ya kumi ya 36, inakuwa 39.6, inasomwa 40. Sasa weka asilimia 10 ya mlio masikioni: bila nyongeza unapata 42, ambayo hushushwa kuwa 40, pamoja nayo unapata 46, ambayo hupandishwa kuwa 50. Na 50 ndiyo inayokuingiza kundi la kwanza la matibabu ya VA. Kokotoeni wenyewe kwa kalamu.

Walioko Mombasa, Arusha au Bukavu wanaweza kukata rufaa zilezile. Fidia haikomi kwa sababu umerudi nyumbani, na mpango wa matibabu ya nje wa VA hulipia matibabu ya jeraha lililokwishakubaliwa. Hakikisheni tu anwani ni sahihi, maana mwaka hausubiri posta.

Kuhusu msaada: maofisa wa vyama vya maveterani vya DAV, VFW na American Legion, na wa kaunti, hawatozi hata senti. Wakili aliyeidhinishwa na VA anaruhusiwa kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza, na asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki. Ikipita theluthi moja, sheria huidhania kuwa imezidi. Anayekudai pesa kukujazia dai la kwanza anavunja sheria, hata akiwa mtu wa kwetu, hata mkisali pamoja. Jina lake liangalieni kwenye orodha ya VA ya walioidhinishwa kabla ya kutia sahihi fomu 21-22a, ile ya kumteua mwakilishi.

Aliye na barua yake leo aje nayo mbele pamoja na ripoti ya uchunguzi. Asiye na ripoti, fomu za kuiombea ziko meza ya kushoto, na zikijazwa kabla ya saa tisa tutazituma kwa faksi leo hii.